Munyoki na Injini Iliyokula Vibanzi

Bwana Munyoki Nzau, fundi wa mitambo wa Karakana ya Uchongaji ya Tumaini hapa Majengo, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1987, baada ya miaka ishirini na minne ya kazi. Mimi Zaitun, karani wenu, nimepewa ukurasa huu wa programu nimweleze, na kamati imeniomba niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Ila wanaomjua Mzee Munyoki wanajua kwamba furaha yake haina kelele, na mtu mwenye haraka huipita bila kuiona.

Nianze na jambo ambalo si siri tena. Mwezi uliopita hafla hii haikuwepo. Meneja alimwomba Mzee aongeze mwaka mmoja, naye alikuwa amekwisha kukubali nusu nusu. Sisi tukafurahi, tena kwa ubinafsi mtupu. Hakuna aliyejiuliza mtu wa miaka sitini, mwenye mke na shamba kule Mutomo, anatafuta nini tena ndani ya banda la mabati lililojaa masizi. Jibu nililipata baadaye, na nitalifikia.

Alipoajiriwa mwaka 1963 kazi yake ilikuwa kunoa misumeno na kutia grisi. Umeme wakati huo ulikomea barabarani, na karakana yetu iliendeshwa na injini kuukuu ya petroli iliyong'olewa kwenye lori. Mwaka 1974 petroli ikapanda bei, kisha ikaadimika kabisa. Msumeno mkubwa ukanyamaza. Wachongaji wakarudi kukata magogo kwa mkono, huku vibanzi vya mbao vimerundikana uani mpaka kuku wa jirani wakatagia humo.

Mzee Munyoki akavitazama vile vibanzi siku kadhaa. Akiwa kijana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliwahi kuona lori lililotembea kwa gesi ya mkaa, na sura ya lile lori haikumtoka akilini. Akaokota mapipa mawili sokoni Gikomba, akatia dogo ndani ya kubwa, akachomelea mabomba. Maelezo yake, kwa sisi tusiojua vyuma, yalikuwa mepesi: kuni ukizinyima hewa ya kutosha haziwaki vizuri, bali hutoa gesi, na gesi hiyo ukiivuta kupitia kwenye makaa mekundu, kisha ukaipoza na kuichuja, injini itainywa badala ya petroli.

Injini haikutaka kuinywa. Mtambo wa kwanza ulitoa lami nyeusi iliyogandisha vali. Wa pili uliwaka dakika chache ukakohoa na kuzima. Watu wakaanza kumtania, wakimwuliza chai itaiva lini. Yeye akaendelea kukata na kuchomelea, akalifanya jembamba lile koo la pipa la ndani ambamo moto hukaa, na kichujio akakijaza katani na mkaa uliopondwa. Mwaka uliofuata, wiki ya Pasaka, gesi ikashika moto wa samawati kwenye bomba la kujaribia. Akaifungulia injini, na msumeno ukazunguka. Wachongaji walimbeba juu juu. Nasikia alitaka kushushwa haraka kwa sababu kifuniko cha pipa kilikuwa kinavuja.

Kuvuja huko ndiko kulikomtenga nasi. Gesi ile haionekani, na ikijaa chumbani huua. Tangu siku ya kwanza Mzee alikataza mtu yeyote kuingia bandani mtambo ukiwaka. Akajijengea lile banda nyuma ya uwanja, mbali na mabenchi, na humo amekaa miaka kumi na miwili peke yake. Wenzake wakipiga soga huku wanachonga, yeye aliambulia mngurumo tu.

Ndipo ukazuka ule mtindo wetu ambao wageni huushangaa. Mchongaji mmoja husogea karibu na banda akagonga tezo kwenye gogo, na Mzee hujibu kwa kugonga spana kwenye bomba, maana yake yu mzima. Asipojibu, watu hukimbilia bandani kumtoa. Mwaka 1978 hakujibu. Makau, mchongaji wetu wa twiga, aliziba pua kwa kitambaa akamkokota nje kwa miguu. Mzee alipozinduka aliuliza kama injini bado inakwenda. Makau akamwambia mambo ambayo programu hii haiwezi kuyachapisha.

Idarusi, mlinzi wetu wa langoni, ameniambia jambo jingine. Jumapili, Mzee akitoka kanisani, hakuwa na pa kwenda ila chumba chake kimoja cha Shauri Moyo, kwa hiyo alikuja kusafisha vichujio. Karakana ilikuwa tupu, mtambo umezimwa, hatari hakuna. Hata hivyo Idarusi alikuwa akisikia spana inagonga bomba, kisha kimya. Mwishowe alishindwa kuvumilia, akaanza kumjibu kwa rungu kwenye lango. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, wote wawili. Idarusi aliponieleza nilijifanya natafuta karatasi mezani, maana niliona uchungu.

Msidhani kwamba hakuwa na kwao. Mkewe, Bi Nthoki, ndiye aliyelima, aliyefukua kisima kwenye mchanga wa mto mkavu, na aliyemlea binti yao Koki mpaka akaolewa. Mzee alikwenda Krismasi, na mara nyingine Pasaka. Kila alipokaa zaidi ya hapo tulimwita arudi, kwa kuwa mtambo uliharibika akiondoka tu.

Kisa cha mwaka 1981 mnakijua. Mzee aliomba likizo ya mwezi mzima, ajenge kisima cha mawe pamoja na mkewe. Akamkabidhi Makau vibanzi, akimsisitizia avitunze vizuri. Sasa, mchongaji anatunzaje mti? Gogo bichi hulifunika kwa gunia lililoloweshwa, lisikauke haraka likapasuka. Makau, kwa moyo wake mweupe, akavifunika vibanzi vyote vya akiba kwa magunia, akavinyunyizia maji kila asubuhi kama bustani ya sukuma wiki. Baada ya wiki moja injini ilikuwa inatapika mvuke na lami. Mzee akaletwa kutoka Mutomo. Aliinua gunia, akashika kibanzi kinachochuruzika maji, akamtazama Makau, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Sisi tukacheka naye. Bi Nthoki alimaliza kile kisima peke yake.

Tangu hapo, saa za chakula cha mchana, alianza kuunda mtambo mwingine mdogo, wa kuendesha pampu ya maji. Alisema ni wa nyumbani. Aliutengeneza taratibu mno, akafungua na kufunga vitu vilivyokuwa vizima, mpaka nikashuku kwamba hataki uishe. Siku moja, mwishoni mwa mwezi uliopita, nilimpelekea chai, nikasimama mbali kama sheria yake inavyotaka, nikamwuliza kwa utani kama pampu hiyo itamngoja Nthoki azeeke. Hakucheka.

“Zaitun,” alisema, “injini nikiisikia tu najua inaumwa wapi. Nthoki akinyamaza, sijui kama amechoka au amekasirika. Nitakaa naye vipi?”

Hapo ndipo nilipolipata lile jibu. Mtu aliyefahamu kila mlio wa chuma alikuwa anaogopa kurudi kwake akawe mgeni, apewe kiti na kuandaliwa chai kama mchungaji aliyekuja kutembelea. Huo mwaka mmoja wa meneja ulikuwa mahali pa kujificha.

Mwezi huu wa Juni, kabla hajatoa jibu la mwisho, aliutanguliza ule mtambo nyumbani kwa lori la karakana. Naamini alitaka uende badala yake. Mulwa, dereva wetu, aliporudi alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni pa banda, nasi tukamfuata. Akaeleza kwamba Bi Nthoki aliupokea vizuri, akaufunika kwa mkeka, akawapikia waliosaidia kuushusha. Vijana walipotaka kuuwasha waone maji, aliwakataza. Kisha akampa Mulwa maneno ya kuja nayo.

“Mwambie mtambo umefika,” alisema. “Mtu ndiye sijampata bado.”

Mzee Munyoki alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Macho yake yalikuwa mekundu, na siku hiyo mtambo haukuwa umewashwa, kwa hiyo hapakuwa na moshi wa kusingizia. Akaja ofisini akaniomba niandike tarehe 30 Juni, tena kwa wino.

Mzee wetu, karakana hii imesimama kwa sababu yako, na tunakushukuru sisi sote, wa mabenchi na wa ofisini. Banda sasa lina watu wawili wawili na madirisha mapana, kama ulivyoagiza wiki iliyopita. Makau ameapa mbele ya mashahidi kwamba hatagusa ndoo ya maji.

Kwako na Bi Nthoki tunawaombea afya, mvua ya kutosha, na miaka mingi ya kuzoeana. Akinyamaza, muulize. Basi la Mutomo linaondoka kesho asubuhi, na tafadhali usipitie karakana kwanza.