Msabaha, Fundi wa King'amuzi Kimoja Nyumba Nzima

Assalaam aleikum ndugu, jirani na wote mliotoka mbali kuja kutushika mkono, mimi Khamis, mdogo wake marehemu, ndiye niliyepewa karatasi hii niisome, na nawaombeni mnivumilie.

Kaka yetu Msabaha Rajabu alizaliwa hapa Kaole tarehe 3 Juni 1981, mtoto wa kwanza wa Bi Sihaba, akasoma shule ya msingi papa hapa kuanzia 1989 hadi 1995, kisha 1997 akaenda Msata kujifunza ufundi wa televisheni kwa Mzee Bwanausi, na mwaka 2004 akafungua kibanda chake Bagamoyo mjini, akasifika kwa kuunganisha king'amuzi kimoja kikaonyesha televisheni zote za nyumba. Tarehe 3 Julai 2010 alimuoa Wahida wa Pangani, wakajaliwa Raya na Najim.

Nyumba hii pia aliitandika waya mwenyewe, king'amuzi kikakaa chumbani kwake, anachochagua yeye ndicho tunachokiona vyumba vyote vitano, na ugomvi haukwisha, ila saa kumi na moja jioni ilikuwa ya mama na tamthilia yake, hata kama fainali inachezwa.

Kuhusu ugonjwa hakuna cha kusoma. Alhamisi alisema kifua kinambana, akadai ni gesi, akanywa maji ya tangawizi, akaenda kazini. Jana Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, Wahida na watoto wakiwa Pangani, saa kumi na moja ilifika na kupita, mpira ukaendelea kila chumba, mimi nikampigia simu, hakupokea, nikamwandikia kwamba ana roho mbaya. Mama peke yake ndiye aliyeinuka, akasema, "Saa yangu mwanangu hajapata kuigusa." Alimkuta sakafuni. Tulimkimbiza hospitali, tukaambiwa moyo umekwisha simama, na mpaka sasa ninaposoma siamini.

Tunawashukuru madaktari waliompokea, majirani waliotoa gari bila kuulizwa, na mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao tangu asubuhi. Ni desturi yetu msomaji kumwombea marehemu msamaha kwa wote aliowakosea, basi mwenye kinyongo naye amsamehe, lakini leo, jamaa zangu, niombeeni na mimi msamaha kwake, kwa kuwa simu yake tumeiwasha asubuhi hii, na tumekuta ujumbe wangu alikuwa ameshausoma.

Mola akurehemu kaka, akulaze pema.