Lopo Gramaxo, Aliyebaki Ukunguni

Marehemu Lopo Gramaxo alizaliwa tarehe 20 Januari 1461 hapa Viana, katika mtaa wa waunda meli, mtoto wa kwanza wa mzee Vasco Gramaxo, fundi wa kalafati aliyeziba nyufa za meli, na mama Senhorinha. Mimi Tristão, ninayewasomea maneno haya, ni mdogo wake. Mama alikuwa akituambia kwamba Lopo alitambaa kuelekea mlangoni kabla hajajua kukaa.

Alisomeshwa na watawa wa Mtakatifu Fransisko, akajua kusoma, hesabu na Kilatini cha kutosha kujibu misa. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alichapwa kwa ajili ya ramani. Alikuwa ameuliza upande wa magharibi kuna nini.

"Hapo ndipo mwisho wa karatasi," mwalimu alimjibu.

"Mwisho wa karatasi nauona, Padri. Nauliza baada yake."

Mwaka 1475 alianza kazi kwenye meli ya chumvi iliyokwenda Madeira. Kufikia mwaka 1488 alikuwa nahodha, akipeleka divai Ayalandi na kurudi na ngozi. Mwaka 1499 dhoruba ilimsukuma magharibi siku ishirini na sita, akaona pwani ndefu ya misonobari ambayo haikuwa kwenye ramani ya mtu yeyote. Alirudi na tawi moja. Wengi wenu mlioketi hapa mlilinusa, maana hakumruhusu mtu apite bila kulinusa. Kwa ajili ya tawi hilo mfalme alimpa barua ya kurudi huko na meli mbili.

Alifunga ndoa na Briolanja Lousada, binti wa mshona matanga, tarehe 12 Februari 1486. Alipomposa, Briolanja alimuuliza, "Wewe utaoa saa ngapi, na kila siku uko majini?"

"Kati ya safari na safari."

"Haya. Ila ujue, ugomvi wote wa mwaka mzima nitakuwa nimekuwekea."

Walijaliwa watoto watatu. Wawili walituacha wakiwa wachanga. Amebaki Mécia, aliyezaliwa mwaka 1489.

Marehemu hakuwa mtu wa kuugua. Tulichokijua ni jino moja tu, na hilo aling'olewa asubuhi ya tarehe 9 Mei 1502, siku aliyoondoka. Alivua shati lililodondokewa na damu, akalitupa kitandani, akavaa jingine na kushuka mtoni, zilikongoja meli zile mbili.

Kwetu Viana, aliyepotea baharini huzikwa kwa shati lake, lililofuliwa na mke wake kwa mkono wake. Pasipo shati hakuna jeneza, wala kengele haigongwi. Mwezi Oktoba ilirudi meli moja, ile ya rubani Fernão Quaresma, ambaye mabaharia humwita Kwaresima, kama jina lake lilivyo. Alisema waliachana na Lopo katika upepo mzuri, mwenzake akielekea kusini. Basi shemeji yangu Briolanja akangoja. Kila mwaka, siku ya marehemu wote, Padri Amaro alimwomba shati.

"Hajarudi," alijibu. "Akija atavaa nini?"

Miaka sita ilipita hivyo. Mwaka huu Mécia alichumbiwa na kijana msokota kamba wa Caminha. Lakini binti haozwi bila neno la baba, isipokuwa baba awe amezikwa.

"Baba yako atauliza nani alikuoza," mama yake alimwambia.

"Na aje aulize, Mama! Mimi nipo hapahapa, sijahama!"

Maneno hayo yalisikika nyumba ya pili, kisha ya tatu, hadi yakamfikia Kwaresima. Alikuja Jumanne, kofia mkononi, akakataa kiti.

"Shemeji, upepo haukuwa mzuri. Hakukuwa na upepo kabisa."

Alieleza kwamba ukungu uliwashika katikati ya mapande ya barafu. Kwa siku mbili meli hazikuonana. Walisikiana sauti tu, na Lopo hakuacha kumtania: "Kwaresima! Pasaka lini?" Naye akijibu, "Keshokutwa!" Siku ya tatu barafu ilianza kubana. Upepo ulipoamka kidogo, Kwaresima alitweka tanga akatoka. Sauti ilikuwa bado inaita.

"Siku gani hiyo?" Briolanja aliuliza.

"Mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria."

"Siku hiyo tulikaanga samaki," alisema. "Mécia alivaa kofia ya baba yake akatuigizia anavyotembea. Nilicheka mpaka nikashika ukuta."

Kisha akamwambia Kwaresima, "Ulimjibu kila mara alipoita?"

"Kila mara, ila ile ya mwisho."

"Umenichelewesha miaka sita, Bwana Fernão. Kaa, ule mkate."

Jana asubuhi Briolanja alilipeleka lile shati mtoni. Wanawake walimsogezea jiwe zuri, wakatazama kando. Alilinusa kwanza, muda mrefu, kisha akalitumbukiza. Doa la damu limetoka. Ndilo shati lililomo katika jeneza hili.

Kwa hiyo tunaandika kwamba Lopo Gramaxo alifariki katika bahari ya kaskazini tarehe 14 Agosti 1502, mkesha ule, au muda mfupi baada yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Ameacha mdogo wake mmoja na binti, Mécia, atakayeolewa baada ya mavuno. Ameacha mjane. Nilikuwa nimeandika "mke". Briolanja alinirudishia karatasi, akaniambia, "Futa, Tristão. Andika lililo kweli, nilizoee."

Mungu amlaze pema, katika maji tusiyoyajua.