Mudrick Alilia, Kisha Akasema Filamu Mbovu

Kijiwe chetu kiko Makole, kwenye kona ambayo upepo ukija na vumbi lake lazima ufunike kikombe kwa kiganja. Benchi ni ubao mmoja juu ya matofali. Mwenye birika ni Mzee Hashimu, Mrangi wa Kondoa, ambaye kahawa anaiuza lakini maoni anayagawa bure. Kulia hukaa Thobias, tunayemwita Hansadi, kwa sababu alikuwa tarishi bungeni mpaka akastaafu, na hadi leo hawezi kuchukua kashata bila kusema "naomba mwongozo." Kushoto hukaa Luka, yaani Dalali, wa mahindi ya Kibaigwa, kwake kila kitu duniani ni gunia, na nyuma ya kila gunia kuna mtu anayetaka kukupunja. Mimi hukaa katikati, nasikiliza. Jumatano ile baada ya alasiri alikuja Mudrick, fundi simu wa mtaani kwetu, akakaa bila kusalimia. Tukajua ni msiba au ni mapenzi.

– Kijana, salamu haikatwi kodi, alisema Mzee Hashimu.

– Shikamoo, mzee. Asma kasema wazee wetu wasije Jumamosi.

Vikombe vyote vikatua. Asma ni mwalimu wa chekechea, mchumba wa Mudrick, na Jumamosi ndiyo wajomba wa Mudrick walikuwa watoke Mpwapwa kuja kwa kina Asma kupanga mahari. Barua ya posa ilishapokelewa zamani.

– Umemfanya nini mtoto wa watu? aliuliza Dalali.

– Sijamfanya kitu. Tulikwenda kuangalia filamu.

– Taarifa! alisema Hansadi. Filamu gani?

– Ile ya treni iliyokwama Gulwe. Mafuriko yamekata reli, abiria wamelala stesheni, kuna mama mmoja wa pale kijijini anawapikia ugali. Basi, tumetoka ukumbini, nawasha simu, namkuta yule mchambuzi wa mtandaoni, yule anayevaa kofia ya manyoya hata kwenye joto, kaiponda vibaya. Asma ananiuliza, umeionaje? Nikasema mbovu. Akaniangalia weee, akapanda bodaboda, akaenda zake. Jana kapiga simu: wazee wasije kwanza.

– Kwa ajili ya filamu tu?

– Kwa ajili ya filamu.

– Huyo wa kofia alisema ubaya wake nini?

– Eti inakwenda kama konokono. Eti yule mama anakwangua ukoko dakika nzima, na kama ni ukoko, mtu si abaki jikoni kwao.

Dalali alicheka mpaka kahawa ikampalia. Hansadi akanyoosha mgongo.

– Hoja iko wazi, waheshimiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wa filamu ni mchambuzi. Asma hakumsikia, sasa posa imevunjika guu.

– Guu la nani? aliuliza Mzee Hashimu. Aliyevunjika hapa ni Mudrick, na ndiye aliyemsikia huyo mkuu.

Hansadi akaomba muda wa kutafakari.

– Mimi hawa wachambuzi nawajua, alisema Dalali. Ni madalali wenzangu. Mimi nikililia gunia la mkulima, namwambia mahindi yako yana unyevu, hata kama yamekauka yanalia kama kokoto. Yule anaponda filamu ili watu wasiende, akanyooshe miguu ukumbini peke yake.

– Mbona nyingine anazisifu?

– Hazisifu sana. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Anatulindia tembo letu.

– Na huko kwenda polepole, alisema Mzee Hashimu, kosa liko wapi? Mwenda pole hajikwai. Mudrick, hiyo filamu ilijikwaa?

– Haikujikwaa, mzee.

– Basi ni nzuri.

Hapo Hansadi alikuwa amemaliza kutafakari.

– Mimi naona kuna mkono wa mtu. Binti mwenye akili zake avunje posa kwa ajili ya ukoko? Huyo katumwa na watengeneza filamu. Wamejipanga nchi nzima. Ukiponda kazi yao, wanavunja uchumba wako.

– Nchi nzima?

– Wameanzia Dodoma. Si makao makuu?

Tulicheka wote, na Mudrick alicheka kidogo pia, halafu uso ukamwanguka.

– Kuna kitu sijawaambia. Pale kwenye ukoko nililia.

– Ulilia vipi?

– Kulia, Dalali. Machozi. Asma alinipa mtandio wake nikajifuta.

– Vumbi hilo, alisema Dalali haraka, na kwa wema. Ule ukumbi una vumbi.

– Halikuwa vumbi.

– Basi kitunguu. Watu wanaingia na sambusa mle.

Wanawake hupita kwenye kijiwe chetu, hawasimami. Huyu alisimama. Alikuwa Asma mwenyewe, anatoka kazini, mikono bado ina chaki.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu, alijibu Mzee Hashimu, na sisi wengine tukajisogeza kama wanafunzi waliokutwa wanapiga kelele.

– Nimesikia vicheko toka kule dukani. Mnaijadili ile filamu?

– Kwa kina, alisema Hansadi.

– Nani kati yenu ameiona?

Hansadi alitafuta mwongozo ndani ya kikombe, hakuupata. Dalali akaangalia viatu vyake. Mzee Hashimu alimimina kahawa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

– Mudrick ameiona, nilisema, maana lazima mtu aseme kitu.

– Mudrick alikuwa ukumbini. Aliyeiona ni yule wa kofia.

Kisha akamgeukia Mudrick.

– Uliniambia mbovu. Sawa, mtu ana haki ya kuiona filamu mbovu. Lakini ulilia, Mudrick. Tukatoka nje, ukasoma simu, ukawa mtu mwingine. Nikajiuliza, siku watu wakisema mkeo hafai, utaniangalia mimi au utaangalia simu?

Hansadi alifungua mdomo. Mzee Hashimu akamtilia kashata.

Mudrick aliinama. Aliposema, alisema na ardhi.

– Mama yangu, mwaka ule wa njaa, alikuwa akitupakulia wote, halafu anasema yeye keshashiba kwa kuonjaonja wakati wa kupika. Tulimwamini. Tulikula tukatoka kucheza. Sasa kwenye filamu yule mama anangoja abiria wote walale ndipo anakwangua sufuria, taratibu, asisikike. Nikajua mama alikuwa anafanya nini tukishatoka. Miaka yote sikujua, Asma. Halafu natoka nje, nasoma kwamba kipande kile ni upuuzi. Niliona aibu. Nikaona na mimi niseme upuuzi.

– Na sasa unasemaje?

– Ni filamu nzuri. Hata nikibaki peke yangu, ni nzuri.

Asma akaketi ukingoni mwa benchi. Dalali alihama bila kuambiwa.

– Mimi niliiona ndefu, alisema Asma.

– Nini? tuliuliza wote.

– Ndefu. Na yule mkuu wa stesheni anaongea kama anasoma tangazo. Na ile mvua ni ya mpira wa maji: huku inanyesha, ng'ambo jua linawaka.

– Kumbe hukuipenda?

– Sikuipenda. Nilimpenda aliyekuwa analia.

Mudrick akaruka.

– Mvua ya upande mmoja ipo! Wewe umewahi kufika Gulwe? Inanyesha ng'ambo ya mto, huku unakula vumbi!

– Na tangazo la mkuu wa stesheni nalo liko Gulwe?

Wakainuka wakibishana, wakaenda zao wakibishana, Mudrick akichora mawingu hewani kwa mikono, Asma akitikisa kichwa.

– Sasa wazee waje au wasije? aliwaita Dalali.

– Waje! alijibu Asma bila kugeuka.

Jumamosi wajomba walikuja, mambo yakapangwa. Jumapili wanakijiwe tulifunga birika tukaenda ukumbini wenyewe. Dalali alilala katikati, akaamka akisema filamu ina uzito mzuri. Hansadi alimpenda yule mkuu wa stesheni. Alisema hatimaye amemwona mtu anayezungumza kwa utaratibu. Mimi nilipenda treni. Mzee Hashimu hakusema neno njia nzima, na tulipofika Makole tukashindwa kuvumilia.

– Mzee, umeionaje?

– Msiniharakishe, alisema. Bado naiangalia.