Mbegu za Tikiti Ndani ya Tramu

Bi Tafida alipanda tramu ya Iskandaria na meno mapya ya bandia, juu na chini, na mfuko wa mbegu za tikiti zilizokaangwa. Mzee Sherbini, jirani wa kiti ambaye hakuwahi kuonana naye, aliyatambua kabla salamu hazijaisha. Naye alikuwa na yake ya bandia.

"Hajati, umechukua meno yenye vilima vya kutafunia? Umeingia mkenge. Yangu bapa. Yanateleza tu, hayagombani."

"Hata nyama nayo inateleza, inafika tumboni nzima nzima! Mimi nilimganda daktari: nikiuma kwa mbele, ya nyuma yakutane kulia na kushoto, yashikilie. Akayasaga kidogo, akanijaribisha, akayasaga tena, mpaka yakakubali."

"Maneno hayo. Mbegu ndiyo mtihani. Ukiibana kwa mbele, meno ya nyuma yote yananyanyuka. Mimi tangu ning'olewe meno sijapasua hata moja, na wewe hupasui."

Behewa likanyamaza, jambo ambalo Iskandaria halitokei bure. Bi Tafida akaisimamisha mbegu katikati ya meno ya mbele, akabana. Ta! Ganda likafunguka, naye akautoa ulimi nje na kiini kizima juu yake, ili kila mbishi ajionee. Mwanamke wa kiti cha nyuma akapiga vigelegele kama yuko harusini.

"Bahati tu," akasema Sherbini. "Bapa ni bapa."

"Haya, shika." Akamtilia mbegu moja kiganjani.

Tramu ikasimama kwenye kituo cha Sherbini. Yeye hakushuka. Alikuwa amegeukia dirishani, mkono mdomoni, na behewa zima limetega sikio kungoja ile "ta!"