Godoro la Mama Kinyozi

Benchi lilikuwa nje ya karakana ya fundi makochi, na jioni hiyo mahakama ya wanywa kahawa ilikuwa imetimia. Fundi alitoa vipande vitatu vya sponji: laini, ngumu na ya mpira. Kila mjumbe akakalia chake, kikombe cha kahawa mkononi, akawa anapima usingizi kwa makalio. Kesi ilikuwa ya Kinyozi. Mama yake alihamia kwake tangu mgongo uanze kumsumbua, na asubuhi ile alisema kwamba usingizi ukizidi kumpaa atarudi zake kwake. Huko angeishi peke yake, na Kinyozi aliogopa kweli.

— Mchukulie ngumu, akasema Injinia, ambaye uinjinia wake ni kufungua redio na kushindwa kuzifunga. Laini inaidanganya mifupa.

— Mpira, akakata Mshauri, mjumbe mwingine wa benchi. Mpira unarudisha kila kitu. Hata ndoto mbaya ikija, inadunda inaondoka.

Injinia akaona anapitwa. Akaleta habari za sponji ya kisasa inayokariri umbo la mtu.

— Ukinenepa kidogo tu, inakukana.

— Ndiyo maana wahenga wakasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akajazia Mshauri.

Methali iliingiaje hapo, hakuna aliyejua, ila vichwa vilitikiswa kwa heshima. Kinyozi yeye aliona mama ni wa kudekezwa. Akamwomba fundi amkatie laini, tena nene kuliko ile ya nyumbani, na fundi akashika kisu.

Mwanamke mmoja aliyefuata stuli yake alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

— Samahani, kaka zangu. Huyo mama anaumia akilala, au akiinuka?

Kinyozi alijionea haya: wiki nzima amezunguka na mgongo wa mama yake mtaani, bila kumuuliza neno mwenye mgongo. Akamwambia fundi asubiri, akaenda nyumbani.

Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Akamuuliza.

— Nikilala sina neno, mama akasema. Kuinuka ndiyo kazi. Hili godoro linanimeza, mkono hauna pa kuegemea. Usiku kucha naiwaza asubuhi. Kukicha nangoja mtoke wote, ndipo nihangaike.

— Mbona huniiti, mama?

— Ungechelewa kazini, mwanangu.

Kinyozi akarudi karakana, akamwambia fundi aiache laini, akate ngumu.