Mwalimu Kache na Makundi Manne

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, Mwalimu Kache Mwaringa atakabidhi ufunguo wa kabati lake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya ualimu, mingi yake ikiwa hapa kwetu, katika shule ya wasichana ya Mnarani, Kilifi. Amewasomesha Elimu ya Dini ya Kikristo wasichana ambao leo mabinti zao wamo madarasani mwetu. Mimi ni mwalimu wa Dini ya Kiislamu, na tumetumia meza moja muda mrefu kiasi kwamba walimu wenzetu hawakujadiliana nani aandike wasifu huu. Waliniwekea karatasi mbele wakaenda zao kunywa chai.

Amezaliwa mashambani mwa Wagiriama, kwa wakulima wa mahindi na korosho. Kazi aliianza Malindi, akahamia Kilifi alipoolewa. Wasichana humwogopa juma la kwanza, kisha huanza kumfuata hadi afisini.

Somo lililompa jina ni lile la makundi ya Wayahudi wa zama za Yesu. Kila mwaka aligawa kidato cha pili mafungu manne, akawapa swali moja: Warumi wametawala nchi yenu, mtaishi vipi? Mafarisayo walijibu kwamba watashika sheria hadi katika kunawa mikono. Masadukayo, watu wa hekalu na wenye nafasi zao, walitaka kupatana na mtawala ili ibada isisimame. Wazelote walitaka vita. Waesene walijitenga na watu, wakaishi pamoja kwa utaratibu mkali, wakingoja hukumu ya Mungu.

Mwaka mmoja Wazelote walipanga madawati mlangoni. Mwalimu Mkuu, Bwana Nahashon, alifika na wageni wa wizara, akajibiwa kupitia dirisha kwamba Warumi hawaingii. Mwaka mwingine msichana aliposikia Masadukayo hawaamini ufufuo, aliuliza kwa wasiwasi koma zao, yaani roho za wazee waliokufa, basi waliziweka wapi. Mwalimu Kache hakumcheka. Alimwambia awaulize Masadukayo wenyewe, waliokaa upande wa dirisha.

Hakuruhusu kundi lolote lidharauliwe, hata Mafarisayo ambao kila mtu amezoea kuwasema vibaya. Alisema wote walikuwa watu wenye hofu, kila mmoja akichelea kupoteza alichokipenda. Hofu yenyewe aliijua vyema. Msichana akikosekana asubuhi, chai ya Mwalimu Kache ilipoa mezani akitafuta nambari ya mzazi.

Miaka michache nyuma, Linet Tsuma hakurudi baada ya likizo. Alikuwa binti mwerevu, na muhula uliotangulia aliwatetea Waesene hadi kengele ikalia. Simu ya baba yake haikuita. Jirani ndiye aliyetuambia kwamba baba huyo, Tsuma, ameuza mbuzi, amefunga nyumba, na amehamisha jamaa yake porini, kwa mhubiri anayekataza shule na hospitali na kuwaambia watu wafunge kula hadi mwisho wa dunia.

Habari zilifika kwenye halmashauri ya shule. Mjumbe mmoja aliuliza mbele yetu sote ni nani aliyemfundisha mtoto huyu kusifu watu wa kujitenga. Mwalimu Kache hakujitetea. Siku zile alikuwa akishika chaki bila kuandika, na aliniuliza zaidi ya mara moja kama kweli ni yeye. Nilimwambia kwamba aliyehama ni baba, na mtoto amefuata. Hakuonekana kuniamini.

Aliripoti kwa polisi na kwa chifu, akaambiwa asubiri. Hakuweza. Jumamosi tuliingia gari langu, na naibu wa chifu akakubali kutuongoza. Tuliiacha lami, tukapita mashamba, kisha vichaka vitupu. Mwalimu Kache alikuwa ameipakata Biblia yake. Nami nilikuwa nikisoma dua kimoyomoyo, nikijiuliza tutamkuta mtoto katika hali gani.

Tulizuiwa kwenye ua wa miiba. Tsuma alitoka, nguo zikimning'inia mwilini, macho yameingia ndani. Alitusalimu kwa adabu, akasema tumejisumbua bure. Dunia imechafuka, na wao wamejitenga nayo kama watakatifu wa zamani. Nilidhani rafiki yangu atafungua Biblia wabishane. Biblia aliiacha garini.

"Baba Linet," alimwambia, "hata Waesene waliojitenga walikuwa wakila. Walilima, wakaoka mkate, wakaketi pamoja mezani. Mtoto wako amekula lini?"

Tsuma alitazama chini. Mwalimu alimuuliza tena, polepole, kwa Kigiriama. Mwishowe Tsuma aligeuka akaingia ndani. Tuliposimama pale, sikujua kama amekwenda kumleta binti au kuwaita wenzake. Naibu wa chifu alianza kurudi nyuma kuelekea garini.

Tsuma alirudi amemshika Linet mkono. Midomo ya binti ilikuwa imepasuka, na hatua zake zilikuwa za mtu mzee. Tsuma alimkabidhi bila kuaga, akabaki ndani ya ua pamoja na mkewe. Siku chache baadaye polisi walifika. Mkewe alitolewa hai. Tsuma pia, lakini siku tatu hospitalini hakumtambua mtu.

Linet alirudi shuleni, akarudia kidato cha pili. Zamu ya somo lile ilipofika tena, wengi walimshauri Mwalimu Kache aliruke. Alilifundisha, kwa kanuni mpya: katikati ya kipindi kila msichana alihama, akalitetea kundi alilokuwa akilipinga. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa mahali pamoja hadi kengele. Linet, ambaye sasa anasomea uuguzi Malindi, siku ile alihama kwa Waesene akaenda kwa Mafarisayo, na alibishana vizuri kuliko wote. Tsuma anaishi Takaungu, ambako anasuka makuti. Haendi kanisa lolote. Mwalimu humtembelea, nao huzungumzia mvua na bei ya nazi.

Mwalimu Kache, twakushukuru kwa wasichana uliowasomesha na kwa wale uliowafuata. Mungu akupe afya, usingizi mwema na wajukuu wasumbufu.

Ila kuna binti wa kidato cha pili ambaye hajaonekana tangu Jumatano, na simu ya kwao imezimwa. Nimemwambia rafiki yangu kwamba Jumatatu yeye atakuwa mstaafu, sisi wengine tutakwenda. Ameniuliza nitampitia saa ngapi.