Muziki wa Natalie na Redio ya Kukamulia

Kwanza uape hutamwambia mtu. Umeapa? Sawa, maana Kabazi nzima nimeshawaambia, umebaki wewe. Unajua ile benchi ya nje ya kibanda cha kahawa cha Sally. Binti yake Natalie alimwachia flashi akienda kazi Keringet: saa nzima ya muziki aliotengeneza kwa kompyuta, hakuna mtu anaimba, hakuna ngoma, ni mvumo tu kama mvua inayokuja na haifiki. Wiki ya kwanza tulitaka kuitupa chooni. Kufika mwezi wa tatu, Sally akizima, benchi yote inamgeukia. Sasa Ijumaa asubuhi flashi haipo.

— Hakuna kahawa mpaka irudi! Sally akasema. Mtoto hana nakala ingine, na anakuja kuichukua leo.

— Afadhali ipotee, akasema Micah, tunayemwita Askofu kwa vile anahukumu kila kitu. Hayo ni maombi ya majini.

— Majini gani? akasema Thuo, fundi wa redio. Hiyo ni friji ilirekodiwa ikikufa. Lakini pale katikati, ikipanda polepole…

— Ehe?

— Inanishika hapa kifuani. Ama ni njaa, sijui.

— Ni dawa, nikasema. Goti langu la uzee liliacha kuuma.

— Shosho, goti yako iko na masikio? Thuo akaniuliza.

— Mtoto wa nyoka ni nyoka, Askofu akasema, tukabaki tukitafuta nyoka ni nani.

— Na wewe unayeichukia, Sally akamuuliza, mbona kila siku unakaa karibu na spika?

— Nilikuwa namchunga shetani! Wacha niende, saa ya kukamua ng'ombe imefika.

Akaenda mbio. Punde Natalie akashuka kwa boda, hata hajasalimia mama yake.

— Nani anacheza muziki yangu?

Tukatega masikio. Kweli, mvumo ulitoka nyuma ya agroveti, lile duka la dawa za mifugo, nyumbani kwa Askofu. Tukaenda wote, mimi mbele, goti na yote.

Alikuwa zizini. Redio kwa msumari, flashi ndani yake, ndoo amepindua akaikalia, macho amefunga, mashavu yamelowa.

— Ni ng'ombe! akaruka. Bila hii haachilii maziwa! Nyinyi wote mna redio ya kukamulia!

Natalie akaangalia zizi kona mpaka kona.

— Na ng'ombe iko wapi?

Tukageuka. Ilikuwa ng'ambo ya barabara, inakula majani ya napia ya watu, kiwele kimejaa pomoni.